Jiwe la Figo: Tuliza Maumivu Nyumbani, Lakini Homa Isingoje Asubuhi

Ndugu msomaji, yapo maumivu ambayo mtu akiyapata mara moja hayasahau. Huanza ghafula, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri, chini ya mbavu upande mmoja wa mgongo. Kisha hushuka kuelekea tumboni na kinenani. Mwanaume huweza kuyasikia hadi kwenye korodani. Mgonjwa hawezi kulala wala kukaa. Husimama, huinama, huzunguka nyumba nzima akitafuta mahali ambapo maumivu yatapungua, na hapaoni. Hutoka jasho, hutapika, na akienda haja ndogo hutoa mkojo kidogo kidogo wenye rangi ya damu au ya chai.

Katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang maumivu haya huitwa majina mengi. Wengine husema ni ngiri, wengine husema ni chango, na wengine huanza kumtafuta jirani aliyemroga mgonjwa. Mara nyingi kumbe ni kijiwe kidogo kilichotoka kwenye figo na kukwama katika mrija wa mkojo.

Katika ukurasa huu tutaeleza mambo matatu: mawe haya yanatoka wapi, mgonjwa anaweza kusaidiwaje nyumbani, na ni wakati gani ambapo kukaa nyumbani ni kuhatarisha maisha. Tunaomba hilo la tatu lisomwe kwa sauti mbele ya familia nzima, maana mwenye maumivu hawezi kujisomea.

JE, MAWE HAYA YANATOKA WAPI?

Aliyewahi kufika Ziwa Balangida wakati wa kiangazi ameona jinsi maji yanavyokauka na kuacha ganda jeupe la chumvi na magadi. Maji yalipokuwa mengi, chumvi ile haikuonekana, kwa sababu ilikuwa imeyeyuka. Maji yalipopungua, ikaganda.

Ndivyo ilivyo katika figo. Kazi ya figo ni kuchuja damu na kutoa taka pamoja na maji, yaani mkojo. Mkojo una chumvi za namna nyingi. Mtu akinywa maji ya kutosha, chumvi hizo huyeyuka na kutoka. Akinywa maji machache huku akitoka jasho jingi, mkojo huwa mzito, chumvi huanza kushikana, na chembe moja huvuta nyingine hadi liwe jiwe. Mawe mengi hutokana na madini ya kalisi yaliyoungana na kitu kiitwacho oksaleti. Mengine hutokana na asidi ya yuriki, hasa kwa watu wanaokula nyama nyingi. Mengine hutokana na vijidudu vinavyoshambulia njia ya mkojo mara kwa mara.

Jiwe likiwa limetulia ndani ya figo, mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi bila kujua. Maumivu huanza jiwe linapoingia katika mrija mwembamba unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Mkojo huzuiwa, figo hujaa na kuvimba, na mrija hujikaza ili kulisukuma jiwe. Ndiyo maana maumivu huja kwa mawimbi: hupanda, hupungua, kisha hupanda tena.

Ugonjwa huu si wa jana wala si wa kurogwa. Mwaka 1901 jiwe lilikutwa katika maiti ya kijana aliyezikwa Misri zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Tangu zamani hizo watu wameteseka kwa mawe, nasi leo tuna bahati ya kujua sababu yake.

NANI YUKO KATIKA HATARI?

Ni wanaume kuliko wanawake, na hasa watu wazima wa umri wa kazi, ingawa hata wanawake na watoto huweza kupata. Fikiria mchungaji anayetoka na ng'ombe alfajiri katika mbuga za Bassotu au Yaeda Chini na kurudi jioni akiwa amekunywa kikombe kimoja tu cha chai. Fikiria mvunaji katika mashamba ya ngano ya Hanang, fundi wa matofali, mwendesha pikipiki. Hawa wote hutoka jasho bila kurudisha maji mwilini.

Lakini hata ndugu zetu wa juu kwenye baridi, kama vile Kainam na Mbulu mjini, wasijidhani wamesalimika. Penye baridi mtu hasikii kiu. Anaweza kumaliza siku nzima kwa vikombe viwili vya chai na asione tatizo. Figo haiangalii kiu. Inaangalia maji yaliyoingia.

Pia aliyewahi kupata jiwe mara moja yumo hatarini kupata tena. Karibu nusu ya wagonjwa hupata jiwe jingine ndani ya miaka kumi wasipobadili desturi zao.

KABLA YA YOTE: UNA HAKIKA NI JIWE?

Hapa lazima tuwe wakali kidogo. Mtu anayepata maumivu haya kwa mara ya kwanza asijitibu nyumbani kwa kudhani tu. Yapo magonjwa mengine yanayofanana na jiwe, na baadhi yake huua kwa saa chache:

1. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, hasa aliyekosa siku zake, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Ikipasuka, damu humwagika tumboni.

2. Kijana mwenye maumivu makali ya ghafula kwenye korodani anaweza kuwa na korodani iliyojisokota. Anatakiwa kufika hospitali ndani ya saa sita, la sivyo anaweza kuipoteza. Huyu asiambiwe kwamba ni ngiri ya kawaida.

3. Maumivu ya upande wa kulia chini ya tumbo, yanayozidi mgonjwa anapotembea au kukohoa, yanaweza kuwa ya kidole tumbo.

4. Mzee wa zaidi ya miaka 60 anayeumwa mgongo na tumbo ghafula kwa mara ya kwanza anaweza kuwa na mshipa mkubwa wa damu unaotaka kupasuka.

Kwa hiyo, mara ya kwanza nenda zahanati au kituo cha afya ukapimwe mkojo, kisha hospitali yenye ultrasaundi. Huduma ya nyumbani tunayoieleza hapa ni kwa yule ambaye tayari amepimwa na kuambiwa na daktari kwamba jiwe lake ni dogo na anaweza kulingojea. Pia itamsaidia yule anayesubiri usafiri wa kumfikisha hospitali.

NAMNA YA KUTULIZA MAUMIVU NYUMBANI

Kwanza: Joto. Chukua chupa imara ya kutunzia maji ya moto, au kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto na kukamuliwa vizuri. Kizungushie kitambaa kikavu, kisha kiweke ubavuni au mgongoni mahali panapouma, kwa dakika 15 hadi 20. Pumzika, kisha rudia. Ijaribu kwanza kwa mkono wako. Mwenye maumivu makali huweza kuungua bila kujua. Usiweke kaa wala jiwe la moto juu ya ngozi. Na kuchanja ubavu kwa wembe hakufikii jiwe. Huleta vidonda na maambukizo tu.

Pili: Dawa ya maumivu. Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita. Asizidishe vidonge vinane kwa siku moja, usiku na mchana, kwa maana ikizidi inaharibu ini.

Dawa inayosaidia zaidi maumivu ya jiwe ni za kundi la ibuprofen na diclofenac, kwa sababu hupunguza uvimbe na msukumo ndani ya figo. Mtu mzima anaweza kutumia ibuprofen miligramu 400 baada ya kula, si zaidi ya mara tatu kwa siku, na kwa siku chache tu. Usichanganye ibuprofen na diclofenac. Hizo ni ndugu, na madhara yao hujumlishwa. Tena sikiliza vizuri: dawa hizi HAZIFAI kwa mjamzito, kwa mwenye vidonda vya tumbo, kwa mwenye pumu inayochochewa na aspirini, kwa mwenye ugonjwa wa moyo, wala kwa aliyeambiwa figo zake ni dhaifu. Pia hazimfai aliyetapika na kuharisha mpaka mwili umekauka. Dawa hizo zikitumiwa ovyo, wiki hadi wiki, zenyewe huharibu figo. Wako watu waliojinunulia vidonge dukani kila siku kwa ajili ya mgongo, na mwishowe wakapoteza figo walizotaka kuziponya.

Tatu: Maji kwa kiasi. Wengi hudhani kwamba mgonjwa akinyweshwa ndoo ya maji jiwe litasukumwa litoke. Sivyo. Wakati mrija umeziba, maji mengi ya ghafula huzidi kuijaza figo na kuongeza maumivu na kutapika. Mpe kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, kadiri anavyoweza, ili mwili usikauke. Maji mengi ni kinga ya siku zote. Si dawa ya saa ile.

Nne: Akae anavyotaka. Usimlazimishe kulala. Akitaka kutembea, atembee. Akitaka kuchuchumaa, achuchumae. Lakini asiachwe peke yake, wala asiendeshe pikipiki.

Tano: Chuja mkojo. Mgonjwa akojoe katika chombo safi, kisha mkojo upitishwe kwenye kitambaa chepesi au chujio la chai lililotengwa kwa kazi hiyo. Jiwe likitoka, lioshe, likaushe, lifunge katika karatasi na umpelekee daktari. Kwa kulipima anaweza kujua ni la aina gani na akushauri jinsi ya kuzuia jingine.

MAMBO YASIYOFAA

Pombe haitoi jiwe. Ni kweli kwamba pombe humfanya mtu akojoe sana, lakini baadaye humwacha na mwili mkavu, na mkojo ukawa mzito kuliko mwanzo. Tena mlevi hawezi kueleza anaumwa wapi, wala hasikii homa inapoanza.

Magadi nayo si dawa ya mawe. Wako wanaoyakoroga katika maji na kunywa ili kusafisha figo. Magadi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa yana chumvi nyingi na madini ya floraidi, yale yale yanayofanya meno ya watoto wetu kuwa na rangi ya kahawia na kuharibu mifupa. Daktari anaweza kumwandikia mgonjwa fulani dawa ya kupunguza ukali wa mkojo, lakini huipima kwa gramu, tena baada ya kujua aina ya jiwe.

Kuhusu dawa za mitishamba, hatudharau maarifa ya wazee wetu. Lakini dawa isiyojulikana kipimo chake, ikinywewa na mtu ambaye figo yake imeziba, inaweza kuimaliza figo hiyo. Kama umekwisha kuinywa, usimfiche daktari.

Vidonge vya kuua vijidudu visinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Haviyeyushi jiwe. Vinahitajika pale tu penye maambukizo, na penye maambukizo pamoja na jiwe nyumbani si mahali pako.

WAKATI WA KUONDOKA NYUMBANI MARA MOJA

Sasa tumefika kwenye neno letu kubwa. Maumivu peke yake, kwa mtu aliyekwisha kupimwa, yanaweza kungojea. Maumivu pamoja na homa hayangoji.

Mkojo uliozuiliwa nyuma ya jiwe ni kama maji ya dimbwi: vijidudu vikiingia huzaana upesi sana. Usaha hujaa ndani ya figo na kumwagika katika damu. Mtu aliyekuwa akilia kwa maumivu jioni anaweza kuwa amezimia kabla jua halijachomoza. Dawa za vidonge haziwezi kufika vizuri katika figo iliyoziba. Lazima daktari aifungulie njia. Na katika sehemu zetu homa yoyote huitwa malaria. Kupima malaria ni vizuri, lakini mwenye homa na maumivu ya ubavu asipewe dawa ya malaria akarudishwa kulala.

Mpeleke mgonjwa hospitali, hata ikiwa ni usiku, ukiona mojawapo ya dalili hizi:

1. Homa, kutetemeka kwa baridi, au kuchanganyikiwa.
2. Hakojoi kabisa, au anatoa matone tu.
3. Anatapika kila anachokunywa na kila dawa anayomeza.
4. Maumivu hayapungui saa moja baada ya dawa, au yanarudi makali zaidi.
5. Ni mjamzito, ni mtoto, au ni mtu mwenye figo moja.
6. Ana kisukari au upungufu wa kinga mwilini.
7. Anatoa damu nyingi au mabonge ya damu katika mkojo.
8. Maumivu yako pande zote mbili.

Tunajua jinsi ilivyo. Wakati wa masika gari halipiti kila mahali, na kutoka kijiji cha mbali mpaka barabara kuu ni safari. Ndiyo sababu familia yenye mgonjwa wa mawe ipange mapema: nani ana pikipiki au gari, namba yake ya simu ni ipi, fedha kidogo na kadi ya bima vimewekwa wapi. Kwenye pikipiki mgonjwa akae katikati, na mtu wa kumshika akae nyuma yake.

Wa upande wa Mbulu wana hospitali ya wilaya mjini Mbulu, na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyowahudumia watu wa sehemu hizi tangu mwaka 1955. Wa Hanang wana Hospitali ya Tumaini hapo Katesh, na walio karibu na Babati hufika Dareda. Ikihitajika rufaa, KCMC ya Moshi ina wataalamu wa magonjwa ya njia ya mkojo. Zamani jiwe kubwa lilihitaji kupasua ubavu mzima. Tangu mwaka 1980, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa huko Munich, Ujerumani, yako mawe yanayovunjwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili bila kisu, na mengine hutolewa kwa kifaa chembamba kinachopitishwa katika njia ya mkojo. Kwa hiyo usikimbie rufaa kwa kuogopa kisu.

MAUMIVU YAKIISHA, JE, UMEPONA?

Si lazima. Jiwe dogo kama punje ya mtama mara nyingi hutoka lenyewe, baada ya siku chache au wiki chache. Jiwe lenye ukubwa wa haragwe kwa kawaida halitoki bila msaada. Hatari ni hii: jiwe linaweza kukaa limeziba huku maumivu yakiwa yamenyamaza, na figo ikafa polepole bila kelele. Kwa hiyo, kama hukuliona jiwe likitoka, rudi upimwe tena kwa ultrasaundi katika muda uliopangiwa na daktari, usipite wiki nne.

KINGA: MAJI, CHUMVI NA MAZIWA

Maji. Mtu mzima mwenye historia ya mawe anywe kiasi cha lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, yaani vikombe kumi hadi kumi na viwili vya robo lita. Na zaidi wakati wa jua na kazi ngumu. Kipimo rahisi ni rangi: mkojo uwe karibu na maji, si rangi ya chai. Kunywa kikombe kimoja kabla ya kulala. Mchungaji abebe maji yake kama anavyobeba fimbo. Wapo wanaopunguza kunywa kwa sababu maji ya kisima chao ni ya chumvichumvi, wakidhani ndiyo yanayoleta mawe. Kunywa maji machache huleta mawe zaidi kuliko maji hayo. Lakini kama una kisima na mto, au maji ya mvua, chagua yaliyo matamu na uyachemshe. Kumbuka pia kwamba kuchemsha huua vijidudu, bali hakuondoi floraidi. Mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye figo zake zimeshindwa, amwulize daktari wake kwanza kiasi cha maji.

Chumvi. Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika chakula. Chumvi nyingi huvuta kalisi kuingia katika mkojo.

Nyama. Usile kila siku kwa wingi. Baada ya sherehe, ongeza maji.

Maziwa. Hapa wengi hukosea. Kwa kuwa mawe yana kalisi, na maziwa yana kalisi, mgonjwa huambiwa aache maziwa. Asiache! Kalisi ya maziwa huishika oksaleti tumboni na kuitoa pamoja na choo kabla haijafika kwenye figo. Anayeacha maziwa huweza kupata mawe zaidi. Kikombe kimoja au viwili kwa siku, pamoja na chakula, ni kinga. Mchicha una oksaleti nyingi. Uchemshe, umwage maji yake, kisha ule pamoja na maziwa au mtindi. Limau au ndimu iliyokamuliwa katika maji nayo husaidia kuzuia chumvi kushikana.

Ndugu msomaji, tunza maneno haya mawili. Kwa kila siku: kunywa maji kabla ya kiu. Kwa usiku ule wa maumivu: joto, dawa kwa kipimo, na mkono wa mtu mmoja juu ya paji la uso wa mgonjwa, ukipima homa kila saa. Paji likiwa la moto, washeni taa, mwiteni mwenye pikipiki, muondoke.